Mkono Pembeni mwa Picha

Jumatatu, 9 Juni. Arua.

Video ya harusi ya kule Vurra bado sijamaliza kuihariri. Bibi harusi anataka ngozi yake ing'arishwe zaidi. Nimeing'arisha mpaka amefanana na sahani ya udongo mweupe. Chai imepoa. Umeme umekatika, umerudi, umekatika.

Mchana amekuja Mama Keji kutoka Koboko, na kanda ndogo ya video imefungwa kwenye leso. Ni mazishi ya mumewe. Aliyeyapiga video ni marehemu baba yangu, wakati studio hii ilikuwa yake. Sasa mwana wa Mama Keji, Wani, amefia Juba na mwili unaletwa. Shemeji yake Mama Keji, ndugu wa mumewe na mkubwa wa ukoo, hataki Wani alazwe kando ya babake. Kwao mtoto ambaye hakutia udongo katika kaburi la baba yake hazikwi karibu naye. Na ukoo mzima unasema Wani hakuonekana siku ile. Wameitazama nakala ya kanda hii kwenye televisheni yao kila mwaka. Hayumo.

"Yeye aliniambia, Mama, mimi nilizika baba," amesema. "Hakusema namna gani. Lakini mutoto yangu hana uongo. Wewe safisha picha. Yeye iko ndani."

Ameniachia picha ya Wani. Kijana mrefu, kovu juu ya jicho. Mazishi ni Jumamosi. Nimekubali, na alipotoka tu nikajuta.

Jumanne, 10 Juni

Kamera ya baba bado inacheza kanda hizi. Kinachokosekana ni kifaa cha kunasa, cha kuingiza picha kwenye kompyuta. Nimeazima cha jirani wa picha za pasipoti. Takataka. Picha inaruka, sauti inafika watu wakiwa wameshafunga midomo. Waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako hawakukosea.

Hata hivyo nimetazama karibu yote kwenye televisheni ya studio. Jeneza. Wanawake. Kaburi, ua wa miti, halafu kamera inatikisika kidogo, halafu udongo. Wani hayupo.

Kisha kamera ikaanza kuitafuna kanda. Nimeitoa kwa kibano cha nyusi. Imekunjika karibu na mwisho. Nadhani itavumilia kuchezwa mara moja tu.

Jambo jingine. Kwenye hedifoni nimesikia kikohozi. Kikavu, mara mbili, karibu kabisa na sikio. Baba. Alikufa mwaka juzi. Nimevua hedifoni nikafagia studio ambayo nilishaifagia.

Jumatano, 11 Juni

Tangu jana nahisi mtu amesimama kushoto kwangu. Sipendi.

Nimezunguka mji kutafuta vifaa. Duka kubwa wana televisheni pana kama mlango. Muuzaji amenionyesha samaki wa rangi wakiogelea kwenye kioo chake. Humo kila kitu kinapendeza, hata deni. Wateja wa harusi wangeipenda, na mimi nilikaribia kuichukua. Lakini wa kuhariri anahitaji kioo kisichombembeleza.

Papa Ngoy, Mkongo anayeuza vifaa vilivyotumika, alikuwa na monita ya kijivu, nzito, mbaya kama jiwe la kusagia. "Hii haipendeze mutu," amesema akicheka. "Ni ya kazi." Na kisanduku cha kunasa chenye njia mbili za kutolea picha, moja kwenda kompyuta na moja kwenda kwenye monita, ili unachokinasa ukione palepale. Kila fremu inafika. Nimekijaribu kwa kanda ya ubatizo, midomo na sauti vinakwenda pamoja.

Nimechukua vyote. Naogopa kuianza ile kanda.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeianza.

Televisheni kulia, monita kushoto, picha ileile. Kwenye televisheni ua wa miti unaishia kwenye nguzo. Kwenye monita ua unaendelea, na kuna nguzo nyingine. Nikasimama. Televisheni inakula kingo za picha! Miaka yote nimehariri nikitazama picha iliyokatwa pembeni, na kule Koboko ukoo mzima umehukumu kwa picha hiyohiyo.

Kisha kaburi. Kisha kule kutikisika. Ukingoni kabisa, nyuma ya ua, mtu. Kovu juu ya jicho. Ananyoosha ngumi juu ya miti. Kutoka upande wa kamera unatokea mkono kumpokea.

Kidole cha mwisho kimepinda. Ni cha baba. Kilivunjika kwenye mnyororo wa baiskeli, mama akakifunga vibaya.

Mkono ukakifumbata alichopewa. Kamera ikasogea hadi kaburini, na chini kabisa ya picha udongo ukadondoka. Kikohozi, mara mbili.

Nimelia kwa sauti. Baba hakuniambia kamwe. Baadaye kanda imekatika kwenye mkunjo. Haidhuru. Imeshanaswa.

Ijumaa, 13 Juni. Koboko.

Nimebeba monita magotini hadi huku. Mzee, yule shemeji, hakutaka kutazama. Mama Keji amemwambia mbele ya watu, "Wewe ulimufukuza juu ya ugomvi wa shamba. Ulisema asikanyage hapa. Basi hakukanyaga." Nimemchukia yule mzee kuliko nilivyotarajia.

Ametazama. Ameomba irudiwe. Mara ya tatu amevua kofia.

"Ile mukono ni ya nani?"

"Ya baba yangu, Mzee."

Amekisugua kifundo cha fimbo yake. Kisha amewaambia vijana wachimbe kando ya kaka yake.

Jumapili, 15 Juni. Arua.

Jana tumemzika Wani. Mama Keji aliniomba nipige video. Nilipiga. Zamu ya udongo ilipofika nikaweka kamera chini, nikatia konzi mbili za udongo. Hakuna aliyeniuliza ya pili ni ya nani.

Mzee alikuwa wa mwisho kutia.

Leo nimerudi kwenye harusi ya Vurra. Bibi harusi nimemrudishia ngozi yake. Kaka zake wawili wamo ukingoni, wanacheka, nimewaacha.

Nimegeuka kushoto. Hapana mtu. Nimekaa kidogo nikisikiliza, halafu nimeendelea na kazi.