Sura ya Mama, Damu ya Baba

Jumatatu, 3 Machi
Nimemlisha baba uji. Nusu kifuani, kama kawaida. Mikono yake inacheza yenyewe, shingo nayo. Kule Mwaloni alikokuwa akivua walisema ni gongo, wakamshusha mtumbwini. Baba hajawahi kuonja hata pombe ya harusi. Kisha nikashona nyavu. Igogo nzima fundi ni mimi. Anayebisha alete wavu wake.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki. Majibu ya damu ya baba yametoka. Daktari ni dada kijana, nikamtania, hakucheka. Ugonjwa wa kurithi. Kasema ndani ya seli kuna maandishi, na humo herufi C-A-G zinajirudia. Kwa wengi mara ishirini hivi. Zikifika arobaini, ugonjwa utakuja tu. Baba anazo arobaini na nne. Protini inatoka ndefu mno, inajikunja vibaya, inagandana, seli za ubongo zinakufa polepole. Nimeelewa yote. Mimi, wa kuishia kidato cha pili!
Nikamwambia mimi sina wasiwasi, sura nimechukua kwa mama. Kasema sura haihusiani. Kila mtoto nusu kwa nusu. Akanitoa damu. Utani ukaniishia.

Jumapili, 9 Machi
Buswelu kwa dada Stella. Watoto tuko wawili tu, mama alishafariki. Ana mimba ya miezi mitano. Hataki kupima.
"We mtoto, ukiwa nao wewe, mimi nimepona. Ukiwa huna, ndiyo ninao mimi."
Nikamweleza haiendi hivyo, kila mmoja anarushiwa shilingi yake.
"Profesa wa dagaa! Majibu yako usiniletee hapa."
Nimerudi nimenuna.

Alhamisi, 10 Aprili
Sindano ya nyavu imenidondoka mara mbili. Mara mbili! Nimekaa naangalia vidole. Naogopa. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 25 Aprili
Majibu yangu: kumi na nane. Sina. Nilitaka kumbeba daktari. Nikatoa simu, nikafika kwenye jina la Stella. Nikairudisha mfukoni.

Jumamosi, 26 Aprili
Stella kapiga mwenyewe. Hakuuliza. Sikusema. Mimi, ninayeongea kama redio! Akasema, "Pole, mdogo wangu," akalia. Halafu nikamsikia anapumua, kama mtu aliyetua ndoo kichwani.
Sikumsahihisha. Aamini ninao mimi.
Nimemgeuza baba upande wa pili. Majirani wanaangalia mpira. Nimekaa ndani.