Kengele Niliyoitundika Mimi

Nyar Alego, binti wa Alego, mke wangu uliyelala,

Barua zetu zote ulikuwa unaandika wewe, mimi natia jina tu. Leo naandika mwenyewe. Unanijua. Ni mimi niliyemfukuza kiboko kwa kasia, kijiji kizima kikitazama. Leo naogopa kengele ya kanisa.

Unakumbuka mwaka ule mahindi yalipokauka, wanajeshi wakaja kufanya mazoezi kwenye malisho yetu kando ya ziwa. Wiki mbili mizinga inalia, kuku wako wakaacha kutaga. Walipoondoka waliacha vibendera vyekundu, na chifu akasema mtu asipite mpaka warudi kusafisha. Mimi nikapita. Nani wa kunizuia mahali nilipochunga tangu utoto? Nikarudi na chuma kirefu kama mkono, kizito, kimechongoka mbele. Ukasimama mlangoni na mwiko.

"Baba Achieng, hicho kina wenyewe. Kirudishe."

"Wenyewe wamekitupa. Na chuma nakijua kuliko fundi yeyote wa Kisumu."

Makanisa mengine yaligonga rimu ya lori badala ya kengele. Mimi nilitaka letu liyashinde. Nikanunua mnyororo Kisumu, kwa duka la Mhindi, nikakipaka chuma kile rangi ya bluu, nikakitundika kwenye mti wa kanisa, pale karibu na boma letu. Jumapili ya kwanza mwalimu wa kanisa alipokigonga kwa nyundo, watu walinipigia makofi. Wewe peke yako ulikunja uso. Njiani ukaniambia, "Rimu ikigongwa inaimba. Hiki kinaguna kama mtu aliyeshiba. Ndani kuna kitu."

Nikakucheka. Nikasema wanawake wa Alego wanawaza chakula hata kwenye chuma. Ulicheka pia, kidogo, lakini hukupita tena chini ya mti ule. Hata mvua ikinyesha ulizunguka.

Malaria ikakuchukua, chuma kikabaki. Kimegongwa miaka yote hii, Jumapili kwa Jumapili, mazishi, harusi ya Achieng. Siku ya kukuzika nilikigonga mwenyewe, kwa nguvu zangu zote, nikitaka hata watu wa Bondo kule mbali wasikie.

Jana wanajeshi walirudi. Wanafukia mashimo, wanaokota kila chuma, ndipo ng'ombe waruhusiwe. Afisa mmoja, kijana mpole, alituonyesha picha kwenye baraza. "Kombora hili limelala, halijafa, wazee wangu. Msiliguse, msiligonge." Nyar Alego, ilikuwa kengele yetu. Ncha ile ile, mkanda ule ule wa shaba kiunoni. Akauliza nani ameona kitu kama hiki. Watu wakatikisa kichwa, maana wao wanajua chuma cha bluu tu. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Tangu asubuhi nimekaa chini ya mti, nyundo nimeikalia. Leo kwaya ina mazoezi. Mabinti wawili wa Achieng huimba mstari wa mbele, hatua kumi kutoka hapa. Mwalimu wa kanisa amekuja sasa hivi.

"Mzee, nipe nyundo niwaite wanakwaya."

"Nyundo ni yangu. Hata kengele ni yangu, nimeitoa mimi."

"Uliitoa kwa Mungu, Mzee."

"Basi Mungu aje aigonge mwenyewe."

Amecheka sana. Amesema uzee umenifanya askari wa kengele, kisha ameenda kutafuta jiwe. Namwona kutoka hapa, ameinama, anachagua lililo zito.

Naogopa jiwe lile, na naogopa vilevile nyuso zao nikisema. Lakini ulisikia siku ya kwanza, nami nilikuwa na masikio mawili mazuri. Nitamshika mkono, nitasema mbele ya kwaya nzima, halafu nitatembea mpaka kwenye hema la yule kijana nimwambie ni nani aliyeruka vibendera vyake.

Lala, mama. Amenyanyuka na jiwe. Nasimama. Watoto nitawapitisha kule ulikokuwa unazungukia wewe.

Mume wako,
Baba Achieng