Mlango wa Buluu Chini ya Rangi Zote

Nyumba ya nyuma ya ukumbi,
Jumapili, mwezi wa tano ukiishia.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichosema umekizoea kimechoka kukuzoea. Sisi huku tunapumua. Mtoto anaota meno, na nyumba nzima inaota naye. Naandika akiwa mgongoni, kwa hiyo ukiona mstari umepinda, ujue aliyeupinda ni nani.

Dada yako, Shangazi, mwili wake haujambo. Moyo ndio nitakaousema.

Najua ulishasikia kwa simu kwamba chuo chenu cha sanaa kimeuzwa, lakini simu haisemi yote. Wanaoingia ni watu wa chuo cha udereva, na jukwaa watalibomoa wapate pa kuegesha magari. Ukumbi ulianza gereji, unarudi gereji. Walimu wametawanyika. Kishindo, yule wa ngoma, siku hizi anafundisha watoto wa shule ya msingi kupiga makofi kwa pamoja, na anasema ngoma ilikuwa kazi nyepesi.

Nikishona nawaza mlivyokianza. Nyinyi wawili sebuleni, kapeti limesukumwa ukutani, yeye anafundisha kuigiza na wewe kuchora. Marehemu baba alikuwa akitusimulia jinsi majirani walivyokuja kutoa pole wakidhani pana msiba, kumbe ni somo la kulia. Mkahamia gereji, mkajenga jukwaa, mkawa na pazia moja tu la nyuma, lile ulilolichora mlango wa buluu ulioachwa wazi kidogo. Mwaka wa pili hapakuwa na kitambaa kingine, wahitimu wakachora juu yake, na ikawa desturi. Kila darasa likihitimu linachora mandhari yake juu ya ile ya wenzao. Mimi naanza kazi ya kushona mavazi pale, pazia lilishakuwa gumu kama ngozi kavu, na kulipandisha kulitaka wanaume watatu na matusi kidogo.

Ulipoondoka nilikuwa mdogo, ila maneno yenu yalibaki nyumbani kama methali. Wewe: "Wanafunzi wangu umewageuza maseremala wa waigizaji wako!" Yeye: "Picha isiyo na mtu mbele yake ni ukuta tu!" Ukabeba brashi zako. Wachoraji wakaanza kupungua, kisha na waigizaji. Chuo kilichechemea kwa mguu mmoja miaka mingi, na nasikitika kwamba hukuwahi kuona jinsi kilivyojitahidi.

Sasa la pazia. Kaa chini kwanza.

Ulipoliandikia darasa la mwisho kulipongeza, uliwaambia kwamba chini ya rangi zote upo mlango wako, na kwamba hujachora tena kitu kizuri kama ule. Ulisema kwa mapenzi. Nao, kwa mapenzi vilevile, wakaamua wasichore juu ya mtu. Wamfukulie Shangazi ule mlango, uwe zawadi ya kuagana. Yeye alikuwa kliniki, mimi nanyonyesha. Wakalilaza pazia sakafuni, wakalikwangua kwa visu bapa na maji ya moto. Majumba, misitu, mbingu za madarasa yote zikatoka magamba kwa magamba. Walipokufikia wewe hawakujua kama wamefika. Siku zile mlikuwa na rangi ya maji tu, Baba Mdogo. Wakaendelea kuutafuta mlango mpaka wakakuta kitambaa kitupu. Nilipoingia walikuwa wameizunguka ndoo. Maji yalikuwa ya buluu.

Shangazi aliporudi hakugomba. Alivua viatu, akatembea juu ya kitambaa kama anayepima chumba. Binti mmoja akaangua kilio. Shangazi akamwambia, "Lia kwa tumbo, si kwa pua! Nimekufundisha nini miaka yote hii?" Wakacheka huku machozi yanawatoka. Kisha akanigeukia. "Wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Haya, mwanangu. Koleo limevunjika, na mhunzi mwenzangu yuko ng'ambo."

Tangu siku hiyo funguo za ukumbi hazitoi. Watu wa udereva wakija anawapa chai, anawaambia anamsubiri ndugu yake. Nilipomsihi akanijibu, "Nikikabidhi kabla hajaja, atasema nilimfungia." Wameanza kukasirika, na wana haki. Mwisho wa mwezi ujao watakuja na fundi wa kuvunja kufuli, na sitaki wamkute amekaa mle ndani peke yake.

Sikulaumu. Ila nitakuambia kama mtoto anavyoweza kumwambia baba yake: kila mwaka umesema mwakani. Huku kwetu mwakani imekwisha. Yeye hatakuandikia. Unaijua shingo yake, maana ni hiyohiyo uliyo nayo.

Kimebaki kitu kimoja. Ukingo wa juu, pale pazia lilipopigiliwa kwenye ubao, visu havikufika. Nimeukata ukanda huo kwa mkasi wangu mkubwa. Ukiutazama kwa ubavu unaona rangi zimelaliana, darasa juu ya darasa, na chini kabisa buluu nyembamba kama uzi. Kishindo kasema nikutumie kwa posta. Situmi. Uko kabatini kwangu, chini ya nguo za mtoto. Njoo uutazame hapa, dada yako akiwa ubavuni mwako, na hizo funguo mkazikabidhi pamoja.

Kitambaa nimekifua. Kimekuwa cheupe, au karibu na cheupe. Sijakikata nepi, ingawa Mungu anajua haja ninayo.

Msalimie Mama Mdogo na wadogo zangu ambao nawajua kwa picha tu. Mume wangu anakuamkia, Kishindo anakusalimu, na mtoto angekusalimu kama asingekuwa anatafuna bega langu. Mungu akupe afya ya kutosha safari, si ya kukaa tu.

Akupendaye hata anapokukaripia,
Kitindamimba wa kaka yako.