Nilimtaja Baba Yake Laivu

Jumapili, saa tisa alasiri. Mbagala.

Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyolowesha mtu lakini hayakubali uanike nguo. Saluni nimeifunga. Wateja nimewaambia naumwa, na sidhani kama nimewadanganya.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu nimuumize Sauda. Sauda si jina lake. Nimelibadilisha, na najua nimechelewa sana kujifunza adabu hiyo. Kama umefika hapa kwa sababu ya ule wimbo, ndiyo, ni mimi, yule wa wigi jekundu. Komenti nimezifunga, usihangaike.

Sauda na mimi tulianza kuimba madrasa, kwenye kaswida, yeye akiongoza na mimi nikiitikia. Tulipokua tukahamia taarabu ya kisasa, kwenye harusi na kichen pati za huku kwetu Temeke. Miaka miwili iliyopita tukaanza kurusha klipu mtandaoni. Hakuna aliyetufundisha. Nilikuwa namsuka pale saluni, simu tumeiegemeza kwenye kopo la mafuta ya nywele, tunaimba ubeti mmoja huku mkono wangu hauachi kichwa chake.

Wanawake walisifia misuko kwanza, sauti baadaye. Tuliwajibu wote. Sauda alikuwa anasema mtu akikusalimia huwezi kupita kama vile hujamsikia, na alikaa na simu mpaka amjibu wa mwisho. Tukajifunza taratibu: tuanze na sauti, tusianze na salamu, maana watu wana haraka. Turushe mchana, mafundi cherehani wanapopumzika. Na mwanamke aliyecheka na wewe mtandaoni leo ndiye atakayekuita kwenye harusi ya bintiye. Tuliitwa Tandika, tukaitwa Kigamboni, mara moja tuliitwa mpaka Kunduchi. Ilikuwa polepole, lakini waliotufuata walikuwa wanatujua kweli. Ungepita sokoni ukasikia muuza nyanya anaitikia kiitikio chetu.

Sikutosheka. Hiyo nayo niiandike.

Ndipo akaja braza Kessy, anayejiita meneja. Alitwambia sauti tunazo, ila mtandaoni sauti haisambai, unaosambaa ni ugomvi. Tunahitaji kiki. Mji mzima unajua kiki ni nini: wimbo unakaribia kutoka, wasanii wanajifanya wamegombana au wameachana, watu wanakimbilia kuchungulia, na wimbo unaingilia mlango huohuo. Mpango wetu ulikuwa tutukanane laivu wiki moja kabla, halafu tupatane siku wimbo unatoka.

Sauda hakupenda. Alikubali kwa ajili yangu. Tulikaa kitandani kwake na daftari, tukaandika nani atasema nini. Mimi ningesema ananiibia mashairi. Yeye angesema bila yeye mimi napiga kelele tu. Tulicheka mpaka mama yake akatugongea ukuta. Kisha Sauda akaweka sharti moja kwa mdomo wake: wazazi hawaguswi. Sikumuuliza kwa nini, nilikuwa najua.

Baba yake amefungwa Ukonga, mwaka wa sita huu. Nimeshakwenda naye kumtazama, nimemshika mkono wakati wa kurudi. Salim, mchumba wake, alijua. Mama yake Salim hakujua. Ni familia yenye asili ya Kiarabu, wana duka la vitambaa Magomeni tangu enzi za babu yao, na walileta posa kwa heshima zote. Walipomuulizia baba, waliambiwa yuko kikazi Msumbiji, baba mdogo atasimama badala yake. Salim alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumweleza mama yake ukweli.

Laivu ilianza vizuri. Tulirushiana maneno ya kwenye daftari, kila mmoja kwake, nyuso zetu zimegawana kioo nusu kwa nusu. Baada ya muda watu wakaanza kuandika: mnaigiza. Kiki hiyo. Waigizaji wabovu. Namba ya watazamaji ikaanza kushuka na mimi nikaiona ikishuka. Nikatafuta kitu ambacho hakuna mtu angesema ni cha kuigiza.

"Wewe ndo wa kunisema mie? Baba yako yuko Ukonga mwaka wa sita, mnawadanganya wakwe yuko Msumbiji."

Watu wote nimewaambia niliteleza. Sikuteleza. Sentensi ilitoka nzima, imenyooka, kama iliyokuwa inasubiri zamu yake. Mama yake Salim alishagusia kwamba mkwe wao hatapanda jukwaani, na Sauda alinieleza hayo huku anatabasamu, kama mtu asiyepoteza kitu. Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu rafiki yangu kwa sababu anaolewa na mimi nabaki kuimba peke yangu.

Kwenye nusu yake ya kioo Sauda aliinamisha macho. Kisha akatoka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema moyoni: leo Sauda kaigiza vizuri.

Namba zikapanda. Kessy akanitumia ujumbe wa sauti anacheka, akisema, "Sista, umeua!"

Kesho yake mchana kipande cha sekunde kumi kilikuwa kimefika Magomeni. Salim ndiye aliyenisimulia kwa simu, taratibu, bila kunitukana. Mama yake hakupiga kelele. Alikwenda kwa kina Sauda na wifi yake mkubwa, akakaa, akakataa chai. Alisema baba aliyefungwa angemvumilia, kwani nani hana ndugu aliyekosea. Ila walikaa kwake, wakala chakula chake, wakamdanganya usoni, na yote hayo akaja kuyasikia kwenye simu ya mfanyakazi wake wa dukani. Uchumba ukaishia hapo. Salim alipomaliza akaniomba nisimpigie tena.

Wimbo ulitoka siku ileile iliyopangwa, maana Kessy alikuwa nao tayari. Unapigwa kila mahali. Bajaji zinaupiga, vigodoro vya usiku mtaani vinaupiga, na kila unapopigwa sauti ya Sauda ndiyo inayofungua. Siku hizi natafutwa na watu ambao mwaka jana hawakupokea simu zangu. Nikiusikia kwa mbali nabadili njia, halafu nakumbuka kwamba yeye anaishi jirani na kituo cha bajaji na hana pa kubadilia.

Mama yangu ujanani alikuwa mwitikiaji kwenye kikundi cha taarabu. Tangu wimbo utoke hajaucheza. Juzi, anachagua mchele, ndipo akaniambia.

"Mie nimeimba vijembe ujana wangu wote. Tulisemana mpaka mtu chakula hakipiti. Lakini jina hatukutaja, na mzazi wa mtu hatukumgusa."

Akaendelea na mchele wake. Ningependa angenipiga.

Jumatano nilirekodi video ya kuomba radhi. Bila wigi, bila poda, nimekaa sakafuni. Nikaeleza kila kitu: kwamba ugomvi ulikuwa kiki, kwamba kulikuwa na sharti, kwamba mimi ndiye niliyelivunja na Sauda hana kosa. Nililia mpaka maneno mengine hayasikiki. Nadhani maisha yangu yote sijawahi kusema kweli namna ile mbele ya watu.

Hawakuamini hata kidogo. Sehemu ya pili hii, wakaandika. Machozi ya kupandishia ngoma. Patanisho lini, tuandae bisi za kula tukitazama. Kessy naye akanipongeza, eti nimeigiza kama kweli, na akaniuliza kama Sauda angekubali tuje tukumbatiane laivu, kwa kuwa mashabiki wanaisubiri. Nikaifuta ile video. Watu walishaihifadhi, sasa inazunguka na vikaragosi vya kucheka.

Nilipomjibu Kessy kwamba machozi yale hayakuwa kiki, aliniambia, "Sasa sista, nani atajua?"

Leo asubuhi nikaamua kwenda Tandika mwenyewe. Mlango alifungua mama yake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, maana salamu haikataliwi, lakini aliitikia huku anatazama kizingiti. Mama huyu alinilisha mimi tangu nina miaka saba. Akageuka, akamwita Sauda, akaenda zake uani.

Sauda alitoka na khanga begani. Nywele alikuwa ameshaanza kuzifumua, nusu ya kichwa bado ina misuko yangu. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu kwanza. Simu nilikuwa nimeishika, sikukumbuka hata nimeishika, siku hizi inakaa mkononi yenyewe.

"Inarekodi?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia nisamehe, nikamwambia nilikuwa na wivu, nikamwambia nitakwenda Magomeni kupiga magoti. Nililia kwa sauti, majirani wakachungulia. Aliniacha nilie mpaka nikavuta pumzi.

"Iwashe, Rehe. Utalia bure?"

Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa upole, kama anavyonikumbushaga nimesahau mwavuli. Alikuwa anadhani ananisaidia, au alikuwa ameshachoka kiasi cha kutojali ninachokuja kuchukua. Sijui ni lipi kati ya hayo, na sikuuliza.

Niandike na lililobaki, kwa kuwa nilijiahidi humu nisidanganye. Aliposema hivyo, kabla sijaumia, kabla sijamjibu, macho yangu yalikwenda pembeni. Mawingu yalikuwa yamelainisha mwanga pale barazani, na uso wake, na zile nywele zilizofumuliwa nusu, vilionekana vizuri sana. Nikaona hapa ingetoka klipu nzuri.

Ilikuwa sekunde moja. Sikuigusa simu, wala sikuinua mkono.

Lakini Sauda ananijua tangu madrasa, na aliniona. Alitikisa kichwa kidogo, akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Nimekaa hapa tangu saa sita. Nataka kurudi tena kesho, na keshokutwa, mpaka anifungulie. Ila akinifungulia akanitazama, atamwona nani?