Masikio ya Bobi

Mbarara, Jumapili

Georgette mwanangu,

Nakusalimu wewe na mama. Mimi ni mzima, mabega tu ndiyo yanauma kwa kubeba matofali. Kwa tajiri wetu hapa kuna paka mwekundu. Nadhani ni wa kabila la Wamakaa, wale paka wa Lumbalumba, nchi ya hadithi zetu, wanaolala na wagonjwa ili kuwatoa baridi.

Mama ameniambia kwa simu kwamba Ijumaa masikio ya mbwa wetu Bobi yalisimama, mkaenda naye kukaa barabarani mpaka mvua ikawakuta, na baba hakuja. Ukampiga Bobi kwa jiwe ukilia, "Iyi imbwa ni muongo! Haiko ya Lumbalumba!"

Usimpige tena. Ni mimi niliyekuambia kwamba mbwa wa kabila la Wasikizi husimamisha masikio baba akikaribia. Nilitunga hayo ili usilie nikiondoka. Lakini Ijumaa nilikuja, mwanangu. Nilishuka kwenye pikipiki pale konani, nikawaona mmekaa. Viatu vya komunio nilivyokuahidi sikuwa navyo. Bobi alitazama upande wangu akitikisa mkia, nami nikajificha nyuma ya migomba kama mwizi. Kisha nikarudi Mbarara.

Mpe Bobi kipande cha ugali, umwambie baba anaomba msamaha. Wewe nitakuomba mwenyewe.

Jumamosi nitakuja, hata bila viatu. Masikio yake yakisimama, mwache akimbie. Safari hii sitajificha.

Baba yako,
Kizito