Ndizi za Sahani Moja, Iyunga

Wifi yangu Zuhura,

Nakusalimu kutoka Mbeya, kwenye baridi la kuvaa kanga tatu. Kwanza pumua: majibu ya kile kipande cha ngozi walichonikata hospitalini yametoka. Yale mabaka ya mikononi tuliyodhani ni fangasi ni saratani ya mitoki, zile tezi za kinga mwilini, ila imeanzia kwenye ngozi na bado haijaingia ndani. Daktari anasema aina hii huenda taratibu. Nitapaka dawa na kurudi kliniki. "Na haimwambukizi mtu," akaongeza. Hapo ndipo nilipolia.

Nilipotoka nikaenda kwa mama lishe wa Iyunga. Zilibaki ndizi za nyama sahani moja tu, na wateja tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja muuza viazi. Nikaficha mikono ndani ya kanga, nikamwambia ale yeye. Lakini alikuwa ameshaiona.

"Dada, hiyo mikono imepatwa na nini?"

Nikamweleza yote, wifi, mtu nisiyemjua hata jina. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa kama haiambukizi, kwa nini uniachie chakula? Nawa tule, zinapoa."

Tukala mpaka tukafuta mchuzi. Nikakukumbuka wewe. Wenzetu pale nyumbani Ubaruku walipoanza kunitengea sahani yangu, wewe uliendelea kula na mimi, na hakuna daktari aliyekuwa amekwambia ni salama.

Mungu akutunze, wifi. Wasalimie watoto, nakuja.

Mwajuma