Muti yenye Kasongo alitaka kukata

Jumanne, Septemba

Na eti ni miye niko mukaidi!

Tangu mwezi wa saba bwana yangu Kasongo anasema muti wa muyombo wa kiwanja chetu umekufa, aukate, apate nafasi ya gari. "Madamu wa jografia," ananichokoza, "umeleta jangwa mpaka nyumbani."

Leo asubuhi nilikuwa nafundisha jambo hilo hilo ku masomo. Hewa yenye maji inapanda pale ikweta, mvua inanyesha, pori linakuwa zito. Hewa ile ile, ikiisha kukauka, inashuka mbali, na pale njo kunakuwa jangwa. Sisi wa Lubumbashi tuko katikati: miezi ya mvua, kisha miezi bila hata tone. Kwa hiyo miti yetu inaangusha majani na kungojea.

Nilisema vile kwa sauti ya kujiamini. Ndani ya roho nilikuwa na woga, juu muti wetu ulionekana mukavu kweli.

Saa nane nikamukuta Kasongo na shoka mukononi, tawi moja liko chini tayari. Nikaliokota. Ku ncha kulikuwa majani madogo, mekundu, laini kama sikio la mutoto.

"Lakini mvua haijanyesha," akasema.

"Muti unajua itakuja. Weye njo hauna uvumilivu."

Akarudisha shoka. Jioni, kupitia dirisha, nilimuona anamwaga ndoo ya maji ku shina, akiangalia huku na huku kama mwizi.

Mizizi ya muyombo iko chini sana, ndoo yake haifiki. Sijamuambia. Aendelee kwanza.